Sufuria ya Véronique

Kwa Véronique, pale Haltom City, Texas, kulikuwa na sufuria iliyoning'inia msumarini karibu na mlango, nyeusi, imebonyea, haipikiwi kitu. Mimi nina mdomo. Kila nikienda nilimtania, "Mama Kethia, hilo dude si ulitupe? Nitakununulia jipya." Yeye hucheka tu na kunimiminia chai. Ni mwanamke wa maneno machache. Kiwandani tunakofunga maboksi husimama zamu nzima bila neno, wakati mimi nimeshalalamikia miguu, msimamizi na hali ya hewa. Alikimbia vita kwao Fizi kwa miguu, akavuka ziwa, akakaa kambini Kigoma, akafika Texas na mumewe Polycarpe, binti yao Kethia, na sufuria hiyo. Lévi alizaliwa hapa hapa, na mwaka ule wa 2008 ndiyo kwanza alikuwa anaanza kutamka maneno.

Jumamosi moja ya Aprili nikawapakia kwenye gari langu, tukaenda kuona kijiji cha makumbusho cha wazungu wa kwanza waliohamia huku: nyumba za magogo, kisima, wafanyakazi waliovaa magauni marefu wanapika maharage kwa kuni. Polycarpe alicheka mpaka akashika tumbo.

"Dada Prudensia, tumetoka mbali hivi kuja kuangalia wamama wanapika na kuni?"

Kethia, wa miaka kumi, alikuwa akimwonyesha mdogo wake kuku, kwa Kiingereza. Mtoto huyo ukimsemesha Kiswahili anakujibu Kiingereza, na ukimkemea anakujibu Kiingereza hicho hicho.

Ndipo bwana mmoja wa kofia pana akajitokeza uwanjani na bunduki ya kizamani, akaeleza jambo ambalo hatukulisikia vizuri, akafyatua hewani. Watu wakapiga makofi. Nilipogeuka, kuku walikuwa wametawanyika, na Kethia na Lévi hawapo.

Tulidhani wako msalani. Kisha tukaanza kuita. Bwana wa kofia akachukua kipaza sauti, jina la Kethia likatangazwa kijiji kizima, huku wenzake wakifungua nyumba moja baada ya nyingine na kuchungulia chini ya vitanda. Polycarpe akakimbilia barabarani.

Véronique peke yake alikuwa hajaita. Akanishika mkono kwa nguvu mpaka nikaumia.

"Waambie waache kumwita."

"Tuache? Mtoto amepotea!"

"Hajapotea. Amejificha. Hawezi kuitika jina."

Akanieleza harakaharaka. Kule Fizi alimfundisha hivi: bunduki ikilia, usikimbilie nyumba, maana nyumba zinachomwa. Ingia porini. Ukisikia jina lako, nyamaza, kwa sababu wale watu wa bunduki walikuwa wakimkamata jirani na kumlazimisha aite watoto kwa majina. Utatoka ukisikia sufuria ya mama tu: mapigo mawili, kimya, kisha moja. Walipofika Amerika hakuna aliyekumbuka kumwambia mtoto kwamba mambo hayo yamekwisha.

"Kila wanapomwita, anaingia mbali zaidi," alisema. "Na iko na Lévi."

"Si afadhali wako pamoja?"

Aliniangalia kama anayemhurumia mjinga. "Mutoto mudogo akilia, wanatusikia wote. Unamufunga mudomo na mukono. Jirani yangu alimufunga wake. Tulipotoka porini, alikuwa hapumui tena. Kethia aliona."

Hasira ikanipanda. Nilimwendea yule bwana nikipiga kelele azime kipaza sauti. Akaanza kunieleza kwa upole utaratibu wao wa mtoto aliyepotea, bunduki bado begani! Nikamwambia utaratibu autie mfukoni na bunduki aifungie ndani, la sivyo nitaichukua mwenyewe. Sijui aliona nini usoni mwangu, lakini alitii.

Véronique alikuwa ameshafika kwenye moto wa wale wenye magauni. Bila kuomba, alikiinua chungu chao cha chuma kwa upindo wa kitenge, akamwaga maharage yote nyasini, akachukua upawa, akaelekea kwenye miti iliyo kandokando ya kijito. Mpishi alibaki ameduwaa.

Ngo-ngo. Kimya. Ngo.

Hakuna kitu. Chuma kile kilikuwa kizito, mlio wake haukufanana na wa sufuria, na niliogopa kwamba mtoto hataujua. Polycarpe alirudi anahema, akamwona mkewe na chungu, akaelewa, akapiga magoti pale pale. Véronique akagonga tena. Akagonga tena. Nikajikuta ninaomba kwa sauti, mimi ambaye kanisani husinzia.

Nyasi zikatikisika. Kethia akatoka, tope mpaka kiunoni, Lévi amefungwa mgongoni kwa sweta, kichwa kimemlegea. Véronique aliangusha chungu. Akamfungua mtoto, akaweka shavu lake karibu na pua yake. Tukangoja. Lévi akapiga chafya, kisha akaangua kilio cha mtu aliyeamshwa vibaya.

Kethia hakulia. "Walishaenda?" aliuliza, kwa Kiswahili cha kwao. Kidole chake kilikuwa kinatoka damu, alama za meno zimekizunguka. "Sikumufunga mudomo, maman. Nilimupa kidole aume."

Nikawapakia tena garini, tukaanza safari ya kurudi. Tulipokaribia Haltom City, Kethia akauliza kama vitu vyao bado viko nyumbani, ama wanaenda nchi nyingine. Polycarpe aligeuzia uso dirishani, akalia.

Nyumbani Véronique hakuketi. Aliitoa sufuria msumarini, akaisugua, akatia maji na mchele, akaibandika jikoni. Kethia alisimama akiangalia.

"Sasa utatuita na nini?"

"Nitakuita jina."

"Na kama ni wale wananiita?"

"Wale hawako huku. Ni mimi."

Akaingia chumba cha nyuma, akafunga mlango. "Kethia!"

Mtoto aliutazama mlango, akaitazama sufuria iliyokuwa inaanza kuchemka, akanitazama mimi. Nilitamani kumwitikia. Mama yake akaita mara ya pili, sauti inamkatika.

"Niko hapa," alisema Kethia, kwa sauti ya chini mno. Kisha akavuta pumzi na kusema tena, kwa nguvu.