Baba Alivyopogoa Mzambarau

Baba aliupogoa mzambarau wetu kwa ustadi kabisa, na mpaka leo ustadi ule unaniudhi.

Tulikuwa tunaishi Makole, Dodoma. Ofisi za umma zilikuwa zinapunguza watu, na baba, karani wa miaka mingi, akapunguzwa. Maduka ya mjini, ambayo nilipokuwa mdogo yalikuwa na chumvi na viberiti tu, sasa yalifurika kila kitu, naye ndiyo kwanza hana kazi. Akawa anashinda nyumbani na suruali yake ya ofisini, akitafuta cha kurekebisha. Alirekebisha mlango. Akarekebisha banda la kuku, na kuku wenyewe hatukuwa nao. Kisha akanunua msumeno mpya wa kutoka nje, akaanza kuutazama mti.

Mama alikuwa anaumwa kifua. Nyumba yetu ilikuwa ya bati, haina dari, na jua likishapanda ndani hapakaliki. Tulimtandikia mkeka chini ya mzambarau, akawa anashinda pale. Hapo tu ndipo alipoweza kupumua bila kuhangaika. Alichoomba kwa baba kilikuwa kidogo: tawi moja kavu lililoning'inia juu yake likatwe, lisije likamwangukia.

Lakini baba alikulia kaskazini, mlimani, kwenye kahawa. Huko alifundishwa kupogoa tangu mdogo: toa machipukizi ya ndani, fungua katikati mwanga uingie, kata kichwa mti usirefuke. Mti wa kahawa ukitunzwa hivyo unanawiri, kwa sababu juu yake kuna migomba, na juu ya migomba kuna mawingu. Dodoma mwezi wa Oktoba kuna jua na upepo wa vumbi. Mvua huja Desemba, ikipenda. Mti ukivuliwa majani kabla ya hapo, hukaa uchi ukingoja.

Asubuhi ile nilikuwa nimekwenda bombani. Niliporudi, tawi kavu lilikuwa chini, na juu yake rundo la matawi mabichi lililonipita kimo. Hakuna gome lililochanika. Kila tawi alilianza kwa chini, akamalizia kwa juu, akakata karibu na shina bila kulijeruhi. Mama alikuwa ameketi kwenye mkeka uleule, jua limemjaa usoni, amejikinga kwa kanga.

"Umeona hewa inavyopita sasa?" baba alimwuliza.

"Naona, baba watoto," mama akajibu. "Pamekuwa peupe."

Nilikasirika, lakini nani angemkemea baba yake? Nikatua ndoo. Nilimwonea na huruma pia, maana uso wake uling'aa kwa mara ya kwanza tangu aachishwe kazi.

Jioni akaja jirani wa ng'ambo ya barabara, mama wa Kigogo, kumjulia mgonjwa hali. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia huku akiutazama mti juu.

"Mwanangu," aliniambia, "kesho mlete mama kwangu. Mwarobaini wangu una nafasi."

Basi ikawa kila asubuhi mimi na jirani tunamshika mama huku na huku, tunavuka naye barabara. Baba alitangulia na mkeka, akautandika, akarudi nyumbani peke yake. Aliona aibu kukaa kule. Siku moja alijaribu kufunga shuka kwenye matawi yaliyobaki, ili mama asihame tena. Upepo ukalichana kabla ya adhuhuri, akavikunja vipande vyake.

Mama alifariki kule kwa jirani, mchana, kabla ya mvua kuanza. Siku hiyo alikuwa amezidiwa, na baba alikuja akaketi naye. Mama alimshika mkono, akamwomba amrudishe nyumbani kwake, akalale ndani ya nyumba yake. Baba alimwambia asubiri kidogo, jua lishuke.