Baba Alipotua Mzigo Wake

Pasi ya makaa ikipita juu ya kaki iliyotiwa wanga wa muhogo hutoa harufu ambayo mpaka leo sijui niiite nini. Ina moshi, ina uji, ina kitambaa kibichi kinachotaka kuungua. Juzi umeme ulikatika hapa mtaani, fundi cherehani wetu kafufua pasi ya mababu, na mimi nikasimama mlangoni pake kama mwehu hadi akaniuliza, "Mama, una nguo?" Sikuwa na nguo. Nilikuwa Jinja, miaka ya hamsini, kwenye laini, zile nyumba za safu za askari magereza, na Mama alikuwa akipiga pasi kaptula ya Baba.

Mama alikuwa Msoga wa Mpumudde, binti wa mwalimu wa kanisa, mwembamba, mwenye kicheko cha puani. Baba alikuwa Mgisu wa Busiu, sajini, sauti yake ya gwaride hata anapoomba chumvi. Nyumbani tulizungumza Kiswahili cha laini, kile kisichojali sarufi ya mtu, maana majirani walikuwa Waacholi, Wateso na Walugbara, na bila Kiswahili hata moto usingeweza kuomba. Jina la Mama la kuzaliwa halikujulikana na mtu pale. Walimwita Mama Tabisa kwa ajili yangu, kwani nilikuwa wa pekee.

Sijapata kuona mtu anayefundishika kama yule mwanamke. Siku moja mke wa koplo, kibinti cha Kiteso kilichoolewa juzijuzi, alimwambia mbele za watu kwamba hajui kuosha ulezi, ndiyo maana uji wake una mchanga. Ningekuwa mimi ningemmwagia uji wenyewe na mchanga wake. Mama akasema, "Hebu nionyeshe, mwenzangu." Akaonyeshwa mara moja, ikatosha, na kuanzia kesho yake uji ukawa laini. Lakini na kufundisha alijua. Nikiunguza kola, sikio langu lilisokotwa huku akisema, "Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Na ulimwengu hauna huruma kama mimi." Alisema kweli, jamani.

Ndipo Baba akaokoka. Nisimpunje haki yake: kabla ya hapo alikuwa mnywaji na mkono wake ulikuwa mwepesi, na baada ya hapo pombe ikawa kwaheri na kofi likawa kwaheri. Mama aliimba akipika. Tulikula pamoja meza moja, jambo ambalo hatukulizoea, tukawa tunaoneana haya kama wageni.

Waliookoka siku zile walikuwa na desturi yao. Dhambi haikutubiwa kimoyomoyo. Ilisemwa kwa sauti mbele ya ndugu, kisha mtu alimwendea aliyemkosea ana kwa ana, akatengeneza. Ndivyo walivyoita: kutengeneza. Na Baba alitengeneza kijeshi. Alimrudishia Muhindi wa duka la vitambaa taa aliyoazima akajisahaulisha. Alimpelekea mzungu wao, mkuu wa gereza, mche wa sabuni ya serikali uliokwisha kutumika nusu, na mzungu akabaki ameushika, hajui acheke au amfunge. Alikwenda hata kwa jirani yetu Mwacholi, akakiri kwamba alimchukia jogoo wake na kumwombea kisu. Yule bwana akamtazama kwa macho mekundu. "Afande," akasema, "hata mimi nachukia hii jogoo."

Tulicheka hadi mbavu zikauma. Hatukujua kwamba alikuwa bado anatafuta ndani ya moyo wake, na kwamba akitafuta zaidi atatukuta sisi.

Ilikuwa Jumapili mchana, mkutano wa ndugu kwenye majani upande wa Masese, upepo wa ziwani ukituletea harufu ya samaki wa kukaushwa. Wageni walikuwa wametoka Mbale pamoja na kiongozi wao, mzee Yosia, mtu mpole mwenye koti lisilovuliwa hata jua likiwaka. Baba alisimama, akavua kofia.

"Ndugu zangu, nimeishi na uongo," akasema. "Mke wangu huyu hajazaa. Kabla sijamwoa nilizaa na msichana wa kwetu, Khainza, nikamnyang'anya mtoto alipoacha ziwa. Nikawaambia watu wa laini mke wangu kajifungulia kwao. Mtoto mwenyewe ni yule pale, Tabisa, mwenye gauni la bluu."

Nikajitazama kuhakikisha kama gauni langu lilikuwa la bluu. Lilikuwa la bluu.

Wimbo ulilipuka, makofi, wanaume wanamkumbatia Baba, na Baba analia machozi ya furaha, uso umemtakata kama mtoto aliyetoka kuogeshwa. Wanawake walimkumbatia Mama pia, wakimtikisa, "Furahi, dada! Furahi!" Mama alikuwa na sauti ya kwanza kwenye kila wimbo. Siku ile midomo yake ilifungika kabisa, na macho yake yalikuwa kwangu, yananiuliza kitu ambacho sikuwa na umri wa kukijibu. Baba alikuwa ametua gunia lake zito, na nilimpenda Baba, lakini hakugeuka kuangalia limemwangukia nani.

Lingeishia hapo tungelimeza. Lakini mzee Yosia alikuja nyumbani na mkewe, wakanywa chai yetu, akafundisha kwa upole kwamba toba ya Baba haijatimia: yuko mama huko Busiu aliyeibiwa mtoto wake, na cha mtu hurudishwa. Baba akasema amina. Mimi nilikuwa nimejibanza nyuma ya pazia la chumba.

"Na mimi, mzee," Mama akauliza, "mimi nani atanitengenezea?"

Mke wa mzee ndiye aliyejibu. "Dada Kagoya," akamwita kwa jina lake la kuzaliwa, mara ya kwanza kulisikia ndani ya nyumba ile, "huo ni moyo mgumu unaosema. Wewe tunakusifu hata Mbale kwa moyo wa kufundishika. Unao, au ulikuwa nao kwenye uji tu?"

Mungu anisamehe, na sasa mimi ni mzee na ninakwenda kanisani, lakini neno lile sijalisamehe vizuri. Walichukua kitu kizuri kuliko vyote alivyokuwa navyo, wakakifanya fimbo ya kumchapia.

Mama aliondoa vikombe mezani. Kisha akasema, "Basi nifundisheni," akaenda kunikunjia nguo.

Tulisafiri na Baba kwa treni hadi Mbale. Ndugu walikuwa wamemwita Khainza aje kanisani, bila kumwambia ni la nini, wasije wakamharibia furaha. Akaja na mumewe, wakiongozana na baiskeli, wote wawili wamevaa vizuri wakidhani ni mambo ya ubatizo wa mtoto wao mchanga aliyekuwa mgongoni. Baba akarudia maneno yake, pale uani, mlima umefunikwa na wingu nyuma yake. Mume hakuwa akijua kwamba mkewe aliwahi kuzaa. Alinitazama mimi, akamtazama mkewe, akapanda baiskeli akaondoka.

Khainza hakulia. Alimsogelea Baba karibu sana akamwambia kwa lugha yao, maneno niliyokuja kutafsiriwa baadaye: "Nani alikuambia nilikuwa nakungoja? Nililia mwaka ule nikamaliza. Leo umenirudishia mtoto, umenichukulia mume. Hiyo ndiyo dini yako?" Ndugu walikuwa wameshaanza kuimba, sidhani Baba alisikia yote.

Mimi nikaachwa Busiu kwa Khainza. Mume alirudi baada ya majuma kadhaa ya kubembelezwa na wazee wa ukoo. Hakunipiga, hakuninyima chakula. Aliniita "yule wa magereza," hivyo tu, mpaka anakufa. Na Khainza, masikini, kila aliponiangalia aliona siku ile ya kanisani. Sikumlaumu hata nilipokuwa mdogo. Nilikaa jikoni kwake kama chombo kilichoazimwa. Baba hakuja Busiu hata siku moja. Alikuwa na kazi ya kushuhudia. Nasikia ushuhuda wake uliwaliza watu hadi Tororo.

Aliyekuja ni Mama. Ndugu walikuwa wamemwonya asinifuate, eti moyo wangu utulie. Lakini hakuna fundisho lililokataza mtu kujifunza mapishi. Akaja wakati wa kiangazi, kipeto cha nguo kichwani, akapiga magoti uani kwa Khainza, akasema amekuja kufundishwa kupika malewa, yale machipukizi ya mianzi ya mlimani yanayokaushwa kwa moshi, ambayo Wagisu huyapika kwa karanga. Khainza hakujua Kisoga wala Kiswahili cha maana. Mama hakujua Kigisu. Kwa hiyo ilibidi mimi, niliyekwisha kukishika Kigisu, nikae katikati yao kutwa nzima, nitafsiri.

"Mwambie analoweka vibaya," Khainza alifoka. "Mwambie karanga zinakatika, mchuzi unajitenga na mafuta. Huyu mwanamke ana mikono ya mbao?"

"Anasema karanga zinakatika, Mama."

"Mwambie asante. Mwambie nitarudi anionyeshe tena."

Akarudi kiangazi kilichofuata, akakosea tena. Na kilichofuata. Mimi niliona aibu, tena nilichukia. Nilimwona Mama anajipendekeza, anacheka na mwanamke anayemtukana, na badala ya kunikumbatia ananiuliza tu Kigisu cha chumvi ni nini. Nilikuwa mwanamke mzima, nina jiko langu, siku niliposimama na mwiko mkononi nikajiuliza: Mama, aliyeonyeshwa ulezi mara moja tu, iweje malewa yamshinde miaka yote ile? Nikakaa chini palepale sakafuni. Nililia hadi mboga ikaungua.

Miaka ile yote ndugu walinihubiria ukuaji wa Mkristo, na walikuwa na mfano wao tayari: Baba, mlevi aliyebadilika. Hakuna aliyemhesabu Mama. Lakini ninapotafuta mtu aliyevunjwa asivunde, aliyekubali kuwa mwanafunzi wa mtu aliyepewa mtoto wake, namwona yule na karanga zake zilizokatika.

Alikufa kabla ya Baba. Tulimzika Mpumudde kwa watu wake, na Khainza alikuja nami kutoka Busiu, mzee tayari, bila kuombwa. Msoma wasifu akasimama akasema marehemu aliishi katika wokovu na hakujaliwa mtoto. Baba, kwenye benchi la mbele, akatikisa kichwa kukubali, maana waliookoka hawasemi uongo.

Wakaita watu wa kutupa udongo. Nikahisi mkono mgongoni, unanisukuma. "Nenda mbele," Khainza akaninong'oneza, yeye aliyenizaa. "Mama yako anazikwa."

Pale mbele palikuwa pamejaa ndugu, wanaimba. Hakuna aliyenipisha; nilitupa udongo wangu zamu ya majirani ilipofika.