Binti wa Saa ya Jogoo

Jua liko utosini na uchochoro ulio nyuma ya hekalu, hapa mjini Tainan, umenyamaza. Hsueh Pi-yun anafunga mafurushi ya karatasi za dhahabu, zile za kuwachomea wafu, huku akimsomea muuza samaki mmoja nyota ya mjukuu wake. Mikono inafunga, mdomo unahesabu.

"Mwaka wa Mbuzi, mwezi wa Sungura, siku ya Nguruwe. Hawa watatu wanapatana vizuri," anasema. "Saa?"

"Saa gani tena? Usiku! Mkwe wangu alipiga kelele mpaka mtaa mzima ukaamka."

"Usiku ni mrefu, dada yangu. Bila saa nina nguzo tatu tu, na mimi nyumba ya nguzo tatu siingii."

Muuza samaki anacheka, anatoka nje kumpigia mkwewe simu. Pi-yun hacheki. Kwake yeye, saa ya kuzaliwa haijawahi kuwa mzaha.

Ana miaka hamsini. Ameuza karatasi katika duka hili tangu mumewe aondoke, na sasa ni mwaka wa tatu anajifunza unajimu wa herufi nane: mbili za mwaka, mbili za mwezi, mbili za siku, mbili za saa. Kila jozi ni nguzo, na juu ya nguzo hizo nne ndipo yanapokaa maisha ya mtu. Ujira wake bado ni kile mteja anachojisikia kutoa, na wengi hujisikia kutoa maembe.

Mwalimu wake ni jirani, Bwana Yen, mnajimu mwenye meza ya kukunja na maneno mengi. Siku nzima anatafuna mbegu za tikiti na kutemea maganda kwenye kikombe ambacho baadaye, ukikaa vibaya, atakukaribishia chai. Ada hatozi. Hulipwa kwa karatasi za dhahabu za kumchomea marehemu baba yake.

"Huyu mama mgumu kushika, lakini akishashika haachii," anasema Yen. "Shida yake moja. Habari mbaya anazitoa bila wasiwasi, habari njema zinamtia hofu."

Hofu hiyo Pi-yun alizaliwa nayo. Alikuja duniani katikati ya kiangazi, mwaka wa Sungura. Mkunga akatazama saa ya ukutani, ikasoma kumi na moja na nusu jioni: saa ya Jogoo. Mnajimu wa mtaa alipoipanga ramani ya nyota za mtoto, akaweka kalamu chini. Jogoo humpiga Sungura, na nguzo ya mwaka ndiko wanakokaa wazazi. Akasema huyu binti, akiachwa hivihivi, atamvunja mama yake.

Wengine wangemtoa mtoto kwa watu. Mama yake alikataa, akachukua dawa nyingine ya zamani, ile ya kuukana uzazi kwa mdomo. Mtoto akae nyumbani, ale, alelewe, ila asimwite mzazi wake Mama. Amwite Shangazi.

"Shuleni wananiuliza, mama yako yuko wapi? Nasema sina, nina shangazi," anakumbuka Pi-yun. "Na shangazi mwenyewe yuko pale getini, mvua inamnyeshea, ameshika mwavuli wangu."

Inauma kulisikia neno hilo, na inauma zaidi kwa jinsi anavyolisema bila kubadilisha sauti.

Mnajimu yule alitabiri pia kwamba maji yangemtaka akiwa na miaka tisa. Akiwa na miaka tisa alitumbukia kwenye bwawa la samaki, akatolewa midomo imegeuka rangi. Alisema mume hatazeekea nyumbani kwake. Mume alivuka bahari kwenda kutafuta kazi bara, na bara ndiko alikopata nyumba nyingine. Kila alichosema mzee yule kilikuja kikapiga hodi.

Kisha, masika iliyopita, Yen alikuwa akimweleza makosa ya wanaoanza.

"Ukiletewa mtu wa rika lako, wa kiangazi cha miaka ile, usiamini saa ya ukutani," alimwambia huku akitema ganda. "Serikali ilikuwa imesogeza mishale mbele saa nzima, watu wabane umeme. Mkunga alitazama saa, sawa. Jua halikuitazama. Wewe toa saa moja ndipo uanze kupanga."

Pi-yun alikuwa ameshika kamba ya kufungia. Akatoa saa moja, akapata kumi na nusu. Hiyo ni saa ya Nyani, na Nyani hana ugomvi wowote na Sungura.

"Nilidhani nitacheka," anasema. "Kamba ikanidondoka."

Alivunja mwiko wa kazi kwa kujisomea mwenyewe, na Yen alimgombeza vya kutosha. Halafu akaacha kutafuna, akaihesabu ramani mpya kwa vidole vyake, akarudia. Hesabu ilikuwa sahihi. Binti wa saa ya Nyani hamdhuru mama yake. Ramani hiyo haina bwawa, na mume wake yupo hadi uzeeni.

"Haya, ile ya kwanza si yako," Yen akamwambia. "Sasa mbona umeiishi? Maji yale yalikuwa ya nani?"

Swali hilo limemkaa Pi-yun kifuani. Analirudia kwa sauti ya chini, macho yakiwa mlangoni. "Kama kuna wa saa ya Jogoo, basi maisha yake nimeyatumia mimi. Naye je? Yuko wapi, na amekaa na nini changu?"

Angeweza kuyaacha mambo hayo kama si mama yake. Bi. Lo A-kim amepita miaka themanini, yuko kitandani katika chumba cha nyuma ya duka, akili inakuja na kuondoka. Daktari amesema wajiandae. Pi-yun anataka kitu kimoja tu, kumwita Mama angali anasikia. Lakini kama hesabu ina kosa, neno hilo ndilo litakalomuua.

Alikwenda hekaluni kuuliza, akarusha vile vibao viwili vyenye umbo la mwezi mchanga. Vyote viliangukia mgongo, tumbo juu. Maana yake mungu anacheka: hasemi ndiyo, hasemi hapana. Akarusha tena. Mungu akacheka tena.

Muuza samaki amesharudi na saa yake, amesomewa, ameondoka akitabasamu. Pi-yun anapakua uji wa samaki na kuupeleka nyuma. Bi. Lo anamtazama, kisha anatazama juu ya bega lake.

"Umechelewa," anasema mzee. "Mwenzako ameshaondoka."

"Mwenzangu nani, Shangazi?"

"Yule msichana. Huja jua likiwa juu, anakaa hapo kitini. Mnafanana, ila yeye nywele zimelowa kila siku." Anameza kijiko cha uji. "Ananiita Mama."

Kijiko cha pili kinasimama hewani.

"Unamjibu?"

"Nimjibu nini? Mimi sina mtoto wa kuniita hivyo. Namwambia, usinisumbue, wangu ananiita Shangazi, na saa hizi analeta uji."

Pi-yun anapitisha kiganja juu ya kiti chekundu cha plastiki kabla ya kukikalia. Anakitazama kiganja, anakifuta kwenye aproni.

Yen, akielezwa, anamsihi asikurupuke. "Wanaomwita ni wawili. Akiitika, ataitika kwa nani?"

Pi-yun amekwishakata shauri. Anangoja sikukuu ya majira ya baridi, nyumba zote zinapochemsha madonge matamu ya unga wa mchele na kila mtu kuhesabiwa umri mpya. Siku hiyo atafunga duka mapema, jua likiwa bado upande wa mashariki, aingie na bakuli mkononi na kulitamka neno lile kwa mara ya kwanza.

"Kiti ni kimoja pale kando ya kitanda," anasema, akivuta kamba ya furushi na kuikaza. "Nitawahi kukaa mimi."