Ganda Lililofungia Mvua

Juzi nikiwa nyumbani kwa mama, kijijini Mlali, binti yangu aliokota ganda refu jeusi chini ya mti wa mkrismasi, akalitikisa karibu na sikio.

"Mama, sikia, mvua!"

Mimi pia niliwahi kuisikia. Nilikuwa na umri kama wake, uwele wetu umenyauka, bustani ikinuka vumbi. Ganda kama hilo nililikuta kwenye tuta la mchicha, sijui lilifikaje. Nilipolitikisa lilisikika kama matone ya kwanza juu ya bati. Niliamini kuna mtu kaifungia mvua mle ndani, basi nikaligonga kwa jiwe hadi likapasuka. Zikatoka mbegu tu. Nililia kweli.

Mama hakucheka.

"Za mti gani?" nilimuuliza kwa kwikwi.

"Sizijui," alisema, akizichanganya na majivu ndani ya kibuyu chake cha mbegu, wadudu wasizile. "Tutazijua zikiota."

Moja iliota, ndiyo mkrismasi huo.

Ningeweza kumwambia binti yangu jina la mti huo. Badala yake nilimtafutia jiwe, na nilipoinuka, mama alikuwa ameshasimama mlangoni na kibuyu.