Kola Zilizogeuzwa

Kaloleni, nyuma ya uwanja wa mpira, ukiuliza fundi wa sare za shule yuko wapi, hakuna atakayekutajia jina la duka, kwa kuwa duka lenyewe ni baraza tu. Utaambiwa nenda kwa Bi Salha. Utamkuta amekaa kwenye cherehani yake ya kukanyaga, tepu shingoni, wembe wa kufumulia kaubana kwa meno, na ukimwambia ataumeza siku moja atakujibu kwamba hiyo siku anaisubiri tangu enzi za Selemani.

Selemani ndiye marehemu mumewe, aliyemtoa Kondoa akiwa mwali na kumleta Arusha. Bi Salha alikuja na sanduku moja na mkasi aliopewa na mwalimu wake wa sayansi kimu. Darasa la saba alifeli, wala hafichi. Mwalimu yule alimwita pembeni siku ya matokeo, akamkabidhi mkasi, akamwambia, "Wewe mikono yako imefaulu." Kwa mkasi huo amesomesha watoto watatu. Matokeo yake, kama yaliandikwa mahali, hakuna aliyewahi kuyauliza.

Miaka thelathini na mitano ya kushona na kutia viraka imemfundisha kuzisoma nguo za watoto. Shule ya serikali pale jirani, darasa moja watoto themanini na zaidi, humletea kaptura zilizotoboka makalioni na mashati yaliyofumuka kwapani. Mifuko imepasuka kwa gololi na mapera. "Hawa wanacheza," husema, huku akizitukana nguo zenyewe kwa upendo. Mjukuu wake Kauthar, wa darasa la tano, anasoma hapo hapo. Kila mchana humpitia bibi barazani kusubiri wazazi watoke kazini, na hajawahi kufika na sare nzima.

Basi Jumanne moja ya Novemba, baba yake Kauthar alikuja na fomu. Huyu ni Abdulsalam, kifungua mimba wa Bi Salha, mpangaji wa safari za wageni katika kampuni moja ya utalii. Ni mtu wa tai na shati lililonyooshwa, ila kucha zake hazijawahi kuhitaji mkasi, maana huzimaliza mwenyewe kwa meno.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Mbona mapema?"

"Nimepata nafasi ya usaili kwa Kauthar. Ile shule ya bweni ya Nduruma. Jumamosi."

Shule hiyo kila mtu mjini anaijua kwa basi lake. Serikali iliacha kutangaza shule kumi bora, lakini basi halikuambiwa. Limeandikwa ubavuni kwa herufi kubwa kwamba darasa la saba wote wamepata A. Kauthar katika mtihani wa mwisho alikuwa wa arobaini na nane, na hesabu ndizo zilizomwangusha.

Bi Salha alifurahi, tena akafurahi kwa sauti ili majirani wasikie. "Mhamishe! Wewe mwenyewe nilikuhamisha ukiwa darasa la tano hivi hivi, nikakupeleka kwa yule mwalimu mkali, na leo umekuwa mtu." Akamsimamisha Kauthar palepale, akampima mabega na kifua, aanze kumshonea sare mpya. Mtoto, ambaye kwa kawaida huongea kama redio, alisimama kimya akijitazama vidole vya miguu.

Alhamisi ikaja kazi kutoka shule hiyo hiyo. Matroni wao, Anneth, binti wa Kimeru mwenye heshima zake, alishusha mfuko wa mashati ya kutengenezwa. Bi Salha akayamwaga mkekani. Makwapa yote mazima. Mifuko yote mizima, kama siku ilipotoka dukani. Lakini kola! Kila shati kola imeliwa, nyingi upande wa kushoto, nyuzi zimechambuka, kitambaa kimekakamaa kwa mate yaliyokauka.

"Anneth, mwanangu, huko bwenini mna panya."

Anneth akacheka. "Hatuna panya, Bi Salha. Ni watoto wenyewe. Wanatafuna."

"Wanatafuna kola? Hamuwapi chakula?"

"Chakula wanapata, na nyama mara mbili kwa wiki. Ila Ijumaa kuna jaribio, na Jumamosi majina yanasomwa mbele ya shule nzima, kuanzia wa kwanza mpaka wa mwisho. Wa mwisho kumi wanabaki wamesimama. Basi wiki nzima wanatafuna. Wewe zigeuze tu, mama, kama wanavyofanya mafundi wengine."

Kugeuza kola ni ujuzi wa zamani wa mafundi. Unaifumua kola kwa wembe, unaipindua, upande ulioharibika unajificha chini na upande mzima unakaa juu. Ukiwa na mkono mzuri, hakuna atakayejua. Na Bi Salha mkono anao.

Anneth aliondoka, na Bi Salha akabaki ameshika shati moja bila kukanyaga cherehani. Alikuwa amekumbuka panya.

Abdulsalam alipokuwa darasa la tano, la sita na la saba, kola zake zililiwa hivi hivi, upande wa kushoto. Bi Salha aliwalaani panya wa Kaloleni mpaka koo likamkauka. Alitega sumu chini ya kabati. Akaenda kumwomba jirani paka, akamleta nyumbani, akamlisha vichwa vya dagaa akanenepa, na katika miaka ile mitatu paka wa watu hakukamata panya hata mmoja. Kola zikaendelea kuliwa, naye kila Jumapili akaendelea kuzigeuza, akijisifu kwamba mwanawe ndiye mtoto nadhifu kuliko wote darasani. Hakumuuliza hata siku moja. Aibu ilimshika Bi Salha pale mkekani, na baada ya aibu hasira, na hasira yenyewe ilikuwa juu yake mwenyewe.

Ijumaa jioni Abdulsalam alipitia sare mpya. Kauthar alikuwa kwenye ngazi ya baraza akimenya chungwa. Bi Salha hakutoa sare. Alimtupia mwanawe mapajani shati moja la Nduruma.

"Tazama kola."

Akaitazama. Akaipitishia kidole gumba, polepole, upande wa kushoto.

"Wanasomewa majina Jumamosi," mama yake alisema. "Wewe yule mwalimu wako alikuwa anawasomea lini?"

"Ijumaa. Lakini mama, mimi nilifaulu."

"Ulifaulu, hilo sibishi. Nakuuliza kitu kingine. Nyumba yetu ilikuwa na panya?"

Abdulsalam alikuwa ameshapeleka kidole mdomoni bila kujijua. Akakitoa, akakifumbata kiganjani kama mtoto aliyefumaniwa. Mwenye kovu usidhani kapoa.

"Hatukuwa na panya, mama," akasema.

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa unafurahi sana."

Bi Salha alilia pale pale, mbele ya watu, bila kujifuta. "Nisamehe, mwanangu. Nilizigeuza vizuri mno, hata mimi mwenyewe nikashindwa kuona."

Kauthar aliacha chungwa. Baba yake akamtazama, akaona shati lake limechanika kwapani mpaka ubavuni.

"Na wewe hilo umelichanaje?"

"Nilikuwa golikipa."

"Mmefungwa ngapi?"

"Nne! Ila moja ilikuwa ofisaidi, Naserian mwenyewe aliyefunga kakubali!" Akaanza kuisimulia ile ya nne, kwa mikono na miguu, na baba yake akamsikiliza mpaka mwisho.

Jumamosi hawakwenda Nduruma. Hesabu zikatafutiwa mwalimu wa tuisheni hapo mtaani, kwa sababu hesabu nazo si za kuachwa. Mashati ya Anneth yalirudi yameshonwa pale nyuzi zilipochambuka, lakini kola hazikugeuzwa hata moja. Bi Salha alimtumia na ujumbe kwamba mkuu wa shule azitazame kwanza yeye mwenyewe, kisha awaulize watoto. Tangu siku hiyo kazi ya shule ile haijaja tena barazani.

Jioni ile ya Ijumaa, kabla Abdulsalam hajaondoka na mwanawe, Bi Salha alimvua Kauthar shati, akamfunika kanga, akalishona lile kwapa. Alitia kiraka kipana, akaacha nafasi mkono upate kuinuka juu kabisa.