Televisheni ya Mogaka kutoka Amerika

Bosibori wa Ikonge hakuwa mtu wa kujivuna, ila kwa jambo moja tu: mwanawe Mogaka yuko Amerika. Ili aende, mjane huyu aliuza shamba la chai aliloachiwa na marehemu mumewe, na kanisa zima likamfanyia harambee. Aliyechanga kuku bado anaikumbuka rangi ya yule kuku. Tangu hapo Bosibori huchuma majani chai kwenye mashamba ya watu, kichwa juu.

Mwaka huu Mogaka akamtumia televisheni. "Niliibeba begani kwenye theluji, mama, hadi kwa watu wa meli," alimwambia kwa simu.

Majirani walitaka iwashwe papo hapo. Bosibori akakataa. Pasi ya jirani yao Ochoki, iliyotoka Amerika, ilichomekwa ikafuka moshi, maana umeme wetu una nguvu maradufu ya ule wa kule. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Akaifunga televisheni kwa leso, akaipakia kwenye bodaboda hadi Nyamira, dukani kwa Shashikant, akanunue transfoma ya kupunguza umeme.

Shashikant akaigeuza, akasoma mgongoni, akaichomeka ukutani moja kwa moja. Bosibori akafumba macho. Alipoyafumbua, mtangazaji alikuwa akisoma habari kwa Kiswahili.

"Mama, hii haitaki transfoma," akasema Shashikant. "TV za Amerika hazishiki stesheni zetu. Hata plagi yao ni nyingine. Hii imenunuliwa hapa hapa Kenya."

"Mwanangu aliibeba kwenye theluji."

Shashikant akajitia kukunja waya.

Bosibori akampigia Mogaka. "Theluji bado inaanguka, mwanangu?"

"Hadi magotini, mama!"

Nyuma ya sauti yake mchuuzi wa soseji na mayai akanadi kwa Kiswahili cha mtaani, "Smoki! Mayai boilo!"

Bosibori akakata simu. Angekuwa adui, angemlaani yakaisha. Lakini huyu alinyonya ziwa lake. Akawafikiria watu wa harambee. Akamfikiria yule kuku.

"Niuzie transfoma."

"Mama, haina kazi."

"Inayo. Niuzie."

Jioni nyumba ikajaa. Transfoma ikanguruma mezani, mbele ya macho ya watu. Televisheni yenyewe alikuwa ameichomeka ukutani, nyuma ya pazia. Ilipowaka, jirani yake Gesare akapiga makofi.

"Buya mono, ng'ina Mogaka! Vizuri sana, mama! Cha Amerika ni cha Amerika, bila hiyo transfoma kingetulipukia!" Kisha akamsogelea. "Na mimi nimeamua. Nauza shamba langu la chai, binti yangu Lavender naye aende. Mogaka atampokea huko?"

Watu wote wakamgeukia Bosibori, wakingoja jibu.

Aliinuka, akaenda mezani, akachomoa transfoma. Mngurumo ukakatika. Televisheni ikaendelea kuongea.