Mama Mkwe na Filamu za Vivuli

Nilikulia Magoudjou, katikati ya Moroni, ambako filamu ilijulikana aina yake kabla haijaanza. Kwa mwenye video uliuliza tu: ya ngumi, ya kauboi au ya mapenzi? Ukishajibiwa ulijua nani atakufa na nani ataoa, na bado uliingia. Nilipenda hivyo.

Kisha nikaoa Mutsamudu, mji wa kisiwa kingine, na kwa ada yetu nikahamia nyumbani kwa mke wangu, nyumba ya mawe aliyopewa na mama yake. Mwalimu mmoja Mfaransa aliyefundisha na mke wangu shule moja alikuwa amemwachia kanda za filamu za zamani za Kimarekani, zisizo na rangi, zilizotiwa sauti ya Kifaransa. Hizo zilinivuruga. Mpelelezi mwongo, polisi mla rushwa, mrembo ndiye muuaji, na kila mtu anazungumza nusu uso ukiwa gizani. Sasa hiyo ni ya aina gani? Nilirudisha kanda nyuma nione taa iliwekwa wapi. Nikienda kazini bandarini nilivitazama vichochoro vya mji, ambavyo jua huviingia kwa vipande, nikijiuliza mpiga picha angesimama kona ipi.

Mama mkwe naye alitazama, ila nyuma ya pazia la chumba cha pili, kwa kunistahi. Mke wangu alimtafsiria.

"Wanamuua mumewe kwa nini?" aliuliza alasiri moja.

"Wapate nyumba, mama."

"Nyumba ya nani?"

"Ya mume."

"Basi mama wa huyo mwanamke ndiye mwenye kosa. Angempa binti yake nyumba, binti angemtolea mume mizigo mlangoni, ndoa ikaisha."

Tulicheka, lakini swali lile lilinikaa kichwani wiki nzima. Kumbe filamu zile zote, pamoja na mvua na bastola zake, zimesimama juu ya mwanamke asiye na nyumba. Zilete kwetu, zinakwisha chai haijapoa.

Kisha kisiwa cha mke wangu kikatangaza kujitenga na serikali ya Moroni. Watu wa kwetu Ngazidja, kisiwa cha Moroni, wakaanza kuondoka mmoja mmoja. Bandarini, wenzangu niliozoea kutaniana nao wakawa wanatazama pembeni nikipita. Mmoja, kwa wema kabisa, aliniambia nipande boti maadamu boti ipo. Niliogopa, tena sana, na zaidi niliogopa nyumba ile isije ikapigwa mawe kwa ajili yangu. Nilimweleza mke wangu. Hakukubali wala hakukataa. Aliingia chumbani kwa mama yake.

Nikafunga begi langu, nikaliweka mlangoni, nikakaa kumsubiri nimuage.

Aliyetoka ni mama mkwe. Miaka yote ile hakuwahi kunisemesha ana kwa ana. Alilisogeza pazia, akasimama mbele yangu, akalitazama begi.

"Mizigo hii imetolewa na nani?"

"Na mimi, mama."

"Nyumba hii ni yako?"

"Hapana, mama."

"Basi irudishe ndani."

Nikalibeba begi, machozi yananitoka, nikalirudisha chumbani.